Sauti Nzima Hukaa Wapi?

Spika ndogo ya bluetooth ikifa betri, mwenye nayo huisahau kabatini mwaka mzima, kisha huipeleka kwa fundi, na fundi asipopata betri ya kufanana nayo huichinja apate spea. Musoma haina tofauti na miji mingine kwa hilo. Ukishafungua skrubu nne na kuinua bodi, mara nyingi utakuta chipu nyeusi yenye miguu 16, ndogo kama punje kubwa ya hindi, iliyoandikwa PAM8403. Hiyo ni amplifaya ya klasi D. Inatumia volti 5, zilezile za chaja ya simu, na inaweza kusukuma spika mbili za wati 3 kila moja bila kuhitaji bati la kupoozea joto. Kijana mwenye chuma cha kulehemia, mita na subira anaweza kuitoa humo akaipa kazi mpya: amplifaya ya hedifoni, ya kusikilizia peke yake usiku, umeme uwepo au usiwepo.

Kazi yenyewe ni ya jioni mbili tatu. Swali lililojificha ndani yake limewashughulisha wanazuoni wa Baghdad, askofu mmoja wa Afrika ya Kaskazini na kasisi mmoja wa Kitui: kitu kilichokatwa vipande kinakuwaje kizima tena, na huo uzima wake hukaa wapi?

Ili swali lieleweke, kwanza tuone chipu hiyo inafanya nini. Amplifaya za zamani zilifanya kazi kama bomba la maji linalofunguliwa kidogokidogo. Transista iliachia umeme mwingi sauti ilipopanda na mchache iliposhuka, na muda mwingi ilikaa nusu wazi, nusu imefungwa. Hapo katikati ndipo joto huzaliwa, kwa sababu umeme unapita huku ukizuiwa. Amplifaya ya klasi A hula umeme hata msikilizaji akiwa hasikilizi kitu. Ile ya klasi B, hata ikiundwa kwa ustadi wote, haiwezi kinadharia kuvuka asilimia 78.5 ya umeme inaopewa. Ya klasi D huweza kufika asilimia 90. Herufi D haimaanishi dijitali, ingawa wauzaji wengi husema hivyo. Ni herufi iliyofuata tu baada ya A, B na C.

Siri yake ni kukataa katikati. Transista zake zina hali mbili: wazi kabisa au zimefungwa kabisa. Ikiwa wazi, umeme unapita bila kizuizi cha maana. Ikifungwa, hakuna kinachopita. Kwa vyovyote joto ni dogo. Chipu ya PAM8403 hufungua na kufunga kiasi cha mara 260,000 kwa sekunde. Sauti ikipanda, muda wa kuwa wazi hurefuka kidogo na muda wa kufungwa hufupika. Ikishuka, kinyume chake. Mhubiri wa Bunda akielezwa hili anaweza kupata mahubiri ya Jumapili palepale, juu ya watu walio vuguvugu na hasara ya kukaa katikati. Asiharakishe. Shabaha ya mashine hii yote, kwa ukali wake wote wa ndiyo na hapana, ni kuipata ile katikati: wimbi laini linalopanda na kushuka bila kona. Ujumbe haumo katika ndiyo wala katika hapana. Umo katika kadiri ya muda ambao kila moja imepewa.

Na kati ya ndiyo na hapana kuna kitu cha tatu. Transista hufanya kazi wawili wawili, mmoja akivuta juu na mwenzake chini, na wote wawili wakifunguka kwa wakati mmoja umeme hupita moja kwa moja na kuwaunguza. Kwa hiyo waundaji huweka pengo, muda mfupi unaohesabiwa kwa sehemu za bilioni za sekunde, ambapo wote wamefungwa. Pengo likiwa fupi mno chipu inakufa. Likiwa refu mno sauti inapata mikwaruzo. Wahandisi wamehangaikia ukimya huo kuliko walivyohangaikia kelele.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1964, mwaka uleule wa Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, Mwingereza Clive Sinclair alianza kuuza amplifaya ya aina hii iitwayo X-10, na kwa njia ya posta mteja aliweza kuletewa vipande ndani ya boksi akaviunga mwenyewe. Transista za siku zile zilikuwa nzito mno kwa kazi hiyo, na kifaa kilisumbua hata redio zilizokuwa jirani. Lakini tangu mwanzo klasi D ilikuwa mikononi mwa watu wa kujiundia.

Sasa tuseme kijana mmoja wa Mwisenge, Musoma, anataka kuisikiliza kwa amplifaya yake hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Mei Mosi 1995, ile aliyoitoa Uwanja wa Sokoine, Mbeya. Hakuchagua vibaya. Mwisenge ndiko kwenye shule ya msingi aliyoanza Mwalimu mwaka 1934, akiwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Butiama, alikozaliwa tarehe 13 Aprili 1922 na alikozikwa Oktoba 1999, si mbali. Sauti yake imo ndani ya simu ya kijana, na kabla haijafika sikioni itakuwa imekatwa mara mbili.

Mara ya kwanza ilikatwa ilipohamishwa kutoka kwenye kanda kuingia kwenye kompyuta. Kwa kawaida kompyuta hupima wimbi la sauti mara 44,100 kwa sekunde na kuandika namba. Kilicho kati ya kipimo kimoja na kingine hakiandikwi. Mtu angesema basi nusu ya Mwalimu imeachwa Mbeya. Hesabu inakataa. Claude Shannon, Mmarekani, alichapisha mwaka 1949 uthibitisho kwamba wimbi likipimwa kwa kasi inayozidi mara mbili ya mtetemo wake wa juu kabisa, vipimo vile vinatosha kulirudisha lote bila kupungukiwa. Sikio la binadamu huishia karibu na mitetemo 20,000 kwa sekunde, ndiyo maana ikachaguliwa 44,100. Mapengo yale hayakubeba siri yoyote ambayo vipimo havikuwa nayo.

Mara ya pili sauti inakatwa ndani ya chipu. Hapa jambo linazidi kuwa la ajabu, kwa sababu hata namba hazipo tena. Kijana akiweza kuutazama waya unaotoka kwenye chipu, wakati wowote atakaoutazama atakuta volti 5 au sifuri. Hakuna irabu humo. Hakuna kicheko cha wafanyakazi wa Mbeya. Hakuna ile namna ya Mwalimu ya kunyanyua sauti mwisho wa swali kama mtu anayechekeshwa na jibu analolijua. Kuna swichi.

Kisha huja vitu viwili vya bei ndogo: koili na kapasita. Kwa hedifoni ya kawaida ya omu 32, koili ya maikrohenri 220 na kapasita ya maikrofaradi 0.1 zinafaa. Zikiunganishwa, hupitisha mitetemo ya chini ya kama 34,000 kwa sekunde na kuizima ya juu yake. Zile kelele za swichi za mara 260,000 hupunguzwa zaidi ya mara 50. Upande wa pili wa koili, sauti ya Mwalimu inatoka ikiwa laini, ikiwa nzima.

Mafundi wana sababu ya kuheshimu hatua hii, kwa maana ndiyo inayowaangusha wengi. Chipu iliundwa kwa spika, na kila spika ina waya zake mbili. Hedifoni ya kawaida ina pini yenye sehemu tatu tu: sikio la kushoto, sikio la kulia, na waya mmoja wa kurudishia ambao masikio yote mawili yanachangia. Anayeunga haraka hukutanisha njia mbili za chipu ambazo hazikupaswa kukutana, na chipu hujizima au huanza kutoa joto. Dawa ni kuchukua umeme upande mmoja tu wa kila njia, kuupitisha kwenye koili, kisha kwenye kapasita kubwa ya maikrofaradi 220 inayozuia umeme mnyoofu usiingie kwenye hedifoni. Halafu kuna suala la nguvu. Hedifoni hutosheka na sehemu ya elfu moja ya wati. Kuipa chipu ya wati 3 ni kukodi trekta la kubebea kikapu cha mayai. Bila rezista za kuipunguza, msikilizaji atapata mvumo kama wa mvua ya mbali hata kabla Mwalimu hajafungua mdomo.

Hapo neno kujitegemea linaweza kutajwa, na kwa haki, maana Butiama ipo jirani na waraka wa Elimu ya Kujitegemea ulitoka Machi 1967. Chipu ni ya kigeni, koili ni ya kigeni, hata lehemu ni ya kigeni. Cha kijana ni uamuzi wa kipi kiungwe na kipi, na kujua kwa nini. Waraka ule ulidai shule imjenge mtoto mwenye akili ya kudadisi, na kwa kipimo hicho amplifaya iliyoungwa vibaya mara mbili na kufaulu mara ya tatu ni somo zima. Lakini hilo ni swali la uchumi na elimu. La sauti bado lipo.

Jibu la kwanza linatoka kwenye elimu ya tauhidi. Shule ya Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki Baghdad katika karne ya 10, ndiyo iliyoenea katika vyuo vya Kishafii vya pwani ya Waswahili na kupanda nayo bara. Wanazuoni wake walifundisha kwamba ulimwengu umeundwa kwa chembe zisizogawanyika, na kwamba sifa za chembe hizo, iwe rangi, mwendo au sauti, hazidumu nyakati mbili. Mwenyezi Mungu huziumba upya kila wakati. Mwendelezo tunaouona ni ada tu, yaani desturi ambayo Mungu ameipitisha na anaweza kuivunja. Kiswahili kilichukua neno hilo la Kiarabu na kulipeleka kwenye malipo na mila, lakini kwa wanazuoni wale lilibeba ulimwengu mzima. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitoa mfano wa pamba na moto: macho yanaona pamba ikiungua baada ya kuguswa na moto, hayaoni moto ukiiunguza.

Mwanazuoni kama huyo asingeshangazwa na amplifaya ya klasi D. Angeutazama ule waya wenye volti 5 na sifuri akasema ndivyo alivyofundisha siku zote: kila kipande hakijui kilichotangulia, na uzima wa sauti umo kwa Anayevipanga. Kwenye chipu mpangaji ni saa ndogo ya umeme inayopiga mara 260,000 kwa sekunde na kuulinganisha kila mpigo na sauti inayoingia.

Ni jibu lenye nguvu, na linavieleza vipande vizuri kuliko jibu lolote lingine. Udhaifu wake, kwa mtu aliyekaa na bodi mezani, ni koili. Koili haipangi chochote. Haijui hotuba ni ya nani. Ni waya uliozungushwa kwenye kipande cha madini, na tabia yake pekee ni kwamba umeme ndani yake hauwezi kubadilika ghafla. Swichi ikifungwa, koili inaendelea kusukuma ule umeme wa kitambo kilichopita, kama baiskeli inayoteremka mwendeshaji akiwa ameacha kukanyaga pedali. Imebeba cha jana kidogo ndani ya cha leo. Kapasita nayo huweka akiba panapokuwa na ziada na kuitoa panapokuwa na upungufu. Vyote viwili, kwa maana finyu kabisa ya neno, vinakumbuka. Punje za tasbihi zinaweza kupangwa kwa ustadi mezani, lakini ukiinua mkono bila uzi utainua punje moja.

Askofu Augustino alilifikia jambo hili bila waya wowote. Alizaliwa Thagaste, mji ambao leo uko Algeria, mwaka 354, na katika kitabu cha 11 cha Maungamo yake alijiuliza muda ni nini. Mfano wake ulikuwa wimbo, utenzi wa Ambrosi wa Milano ambao waumini waliujua kwa moyo. Silabi fupi na ndefu hufuatana, akasema, lakini huwezi kupima ndefu kwa fupi, kwa sababu moja inapotamkwa nyingine imekwisha kutoweka au haijaja. Kilichopita hakipo. Kijacho hakipo. Cha sasa hakina upana. Hata hivyo watu wanaimba, na wanajua mstari umekosea mizani. Basi kinachopimwa, akahitimisha, si silabi zilizopita angani bali alama zilizobaki rohoni. Mtu anayeimba zaburi anayoijua huwa nayo yote katika matarajio kabla hajaanza. Kadiri anavyoimba, matarajio yanapungua na kumbukumbu inanenepa, hadi yote ihamie upande wa pili.

Augustino, kwa lugha ya fundi, aliiweka koili moyoni mwa msikilizaji. Na chipu yenyewe inampa ushahidi ambao hakuwa nao. PAM8403 iliundwa ili iweze kuishi bila koili ya nje kabisa: ikifungwa kwenye spika, koili iliyomo ndani ya spika na uzito wa karatasi yake vinatosha kuunganisha vipande, maana karatasi haiwezi kuruka mbele na nyuma mara 260,000 kwa sekunde hata ikiamriwa. Na kama spika ingeweza, ngoma ya sikio isingeweza. Kila ukidhani umepata mahali sauti inapokuwa nzima, unakuta kazi hiyo ingeweza kufanyika hatua moja mbele, karibu zaidi na mtu.

Karibu kiasi gani? Hapa ndipo kasisi wa Kitui anapoingia. John Mbiti, Mkenya wa Kanisa la Kianglikana, alichapisha mwaka 1969 kitabu juu ya dini na falsafa za Kiafrika ambacho kiliandikwa kwa Kiingereza, lakini nguzo zake mbili ni maneno ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Sasa ni muda wenye upana, unaokusanya kinachotokea, kilichotokea karibuni na kinachokaribia. Zamani ni bahari ambayo kila kitu huzama humo mwishoni. Mtu akifa haanguki Zamani mara moja. Maadamu wapo waliomjua kwa sura na wanaomtaja kwa jina, bado yumo katika Sasa, mfu aliye hai. Anazama pale wa mwisho aliyemjua anapokufa.

Mbiti alishambuliwa sana, na sehemu moja ya mashambulizi ilikuwa ya haki: alidai Waafrika hawana dhana ya wakati ujao wa mbali, kwa hoja aliyoijenga juu ya vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, jambo ambalo mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana hakulikubali, na ambalo mkulima yeyote wa Bunda aliyepanda mwembe kwa ajili ya wajukuu angelicheka. Lakini juu ya wafu alisema kitu ambacho Augustino hakukisema. Augustino aliiweka kumbukumbu ndani ya roho moja. Mbiti aliitawanya. Kinachomshika marehemu asizame si kichwa kimoja bali ukoo, kijiji, watu wanaorekebishana: hapana, hakusema hivyo, alisema hivi, na alikuwa amekaa pale.

Kwa hesabu ya Mbiti, Mwalimu bado yumo katika Sasa. Wapo Butiama waliocheza naye bao, na waliomwona akirudi kulima baada ya kung'atuka, neno ambalo yeye mwenyewe alilitoa katika Kizanaki na kuwapa Waswahili wote. Kanisa Katoliki nalo linalijua hilo kwa namna yake. Mchakato wa kumtangaza kuwa mwenye heri, ulioanzia Jimbo la Musoma mwaka 2005 na kumpa jina la Mtumishi wa Mungu, unategemea mashahidi: watu wanaoulizwa waliona nini, walisikia nini, lini. Alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943 Nyegina, nje kidogo ya Musoma, na daftari la ubatizo linaweza kuithibitisha tarehe. Daftari haliwezi kusema alikuwa mtu wa namna gani. Kwa hilo wanatafutwa wazee, kila mmoja na kipande chake, na Kanisa lina haraka nao kwa sababu wanapungua.

Kurekodi sauti kunaivuruga hesabu hii. Kijana wa Mwisenge aliyezaliwa baada ya 1999 hakumjua Mwalimu kwa sura, lakini anaweza kumsikia kwa usafi kuliko watu wengi waliosimama uwanjani Mbeya nyuma ya vipaza sauti vya siku ile. Je, naye anahesabiwa kati ya wanaomshika asizame? Akifa wa mwisho aliyemjua, na faili likabaki, Mwalimu atakuwa Sasa au Zamani?

Jibu rahisi ni kwamba faili limeyashinda mauti, na makampuni ya teknolojia yangependa tuamini hivyo. Bodi iliyo mezani inasema vingine. Faili ni vipande, chipu ni vipande, na uzima wote unasubiri kitu kinachoweza kubeba cha kitambo kilichopita hadi cha sasa. Koili inabeba kwa muda wa sehemu ndogo ya sekunde, kiasi cha kutosha irabu. Roho ya msikilizaji inabeba kwa urefu wa sentensi, au wa hotuba. Lakini hotuba ya Mei Mosi 1995 ilikuwa kipande cha kitu kirefu zaidi: uchaguzi wa kwanza tangu kurudi kwa vyama vingi ulikuwa unakuja mwaka uleule, na waliomsikiliza walikuwa na zaidi ya miaka 30 ya sauti hiyohiyo masikioni. Anayesikia hotuba peke yake, bila miaka hiyo, amepata silabi moja ndefu.

Redio ya zamani ililijua hili vizuri zaidi. Mwaka 1973 Radio Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na karibu watu milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini, redio katikati, kijitabu mkononi. Kipindi kikiisha redio ilizimwa na kazi ya pili ilianza: kujadiliana kilichosemwa, kubishana, kisha kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Waandaaji hawakuuamini msemo mmoja uliopita angani ukatoweka. Walijenga kichujio cha watu ambacho kingeushika. Redio nyingi za siku hizo zilikuwa duni kwa vipimo vyote ambavyo mjenzi wa amplifaya anavithamini. Zilikoroma, betri zikiisha nguvu zilinong'ona. Waliokuwapo bado wanaweza kukueleza walichimba wapi.

Hedifoni inafanya kinyume, na si haki kuilaumu kwa hilo. Ndani ya basi linalotoka Musoma kwenda Bunda, dereva akiwa amefungulia muziki wa kupasua vioo, mtu kujiziba masikio kwa sauti anayoitaka ni kujihifadhi. Hata sala ina chumba chake cha ndani. Na kuna sauti ambazo chumba hicho ndicho kinachozifaa. Litungu la Wakurya, kwa mfano, lenye nyuzi 8 na sauti nzito inayotetemeka hadi kifuani, hufichua kwenye hedifoni jinsi kila mdonoo unavyokufa kabla mwingine haujazaliwa, jambo ambalo ngomani, vumbi likiwa limetimka, hakuna anayeligundua.

Kuna jaribio moja dogo ambalo mjenzi anaweza kulifanya. Kichujio cha koili na kapasita kimepimwa kwa hedifoni moja ya omu 32. Akichomoa pini, kichujio kinabaki bila mzigo na kinaanza kuikuza mitetemo iliyo karibu na mpaka wake, sauti za juu kabisa ambazo hakuna wa kuzipokea. Akichomeka hedifoni mbili kwa pamoja, mzigo unakuwa omu 16, na hesabu inaharibika upande mwingine: sauti za juu zinafifia kiasi, herufi s inapoteza makali, na besi ya chini kabisa inapungua kwa sababu kapasita kubwa nayo ilipimwa kwa msikilizaji mmoja. Kwa muziki ni hasara inayosikika. Kwa mtu anayezungumza, karibu haipo.

Tuseme basi kwamba kijana amelifanya jaribio hilo, na mwenye hedifoni ya pili ni babu yake, mzee wa Butiama aliyekuja Musoma kwa matibabu ya macho na anayelala chumba kimoja naye.

"Babu, shika hii. Weka masikioni."

"Ni nini?"

"Mwalimu. Mbeya, tisini na tano."

Mzee anaweka, anaziminya kwa viganja viwili kama mtu anayezuia kofia isipeperuke. Bodi iko mezani, haina joto hata kidogo, taa yake nyekundu inawaka. Faili linacheza. Kijana anasikiliza kama alivyosikiliza jana na juzi, akivizia mvumo, akivizia ile s iliyofifia, akijiuliza kama abadili kapasita. Mwalimu anaanza kuuliza jambo. Sentensi bado haijafika nusu, umati wa Mbeya bado uko kimya, na mzee amekwisha kucheka.